Ndege shabaha za jeti kwa mazoezi ya ulinzi wa anga: ipi inafaa kikosi kipi

Karibu kila kipeperushi cha mauzo cha ndege shabaha, yaani ndege isiyo na rubani inayorushwa ili ipigwe mazoezini, huanza na kasi. Aliyepewa jukumu la kuchagua naye hujikuta anapanga majina kwa kasi, ya mbio juu na ya polepole chini, kisha anaangalia bajeti na kuchukua ile ya juu kabisa anayoimudu. Huo ni mpangilio mbovu, na hasara yake inawaangukia askari walio kwenye mtambo, ambao wataondoka uwanjani wamefyatua makombora halisi bila kujifunza walichokwenda kujifunza. Swali la kwanza liwe hili: mtambo wa kikosi hiki unaona kwa kutumia nini? Ni rada, ni joto, au ni macho ya mpigaji mwenyewe? Na adui anayetarajiwa ataonekanaje kwa mtambo huo, na kwa muda gani kabla hajafika?

Ukianza na maswali hayo, ndege ya bei kubwa mara nyingi hushuka kwenye orodha, na mara nyingine ile ya bei nafuu huondoka kabisa.

Zilizopo

Chini kabisa zipo za pangaboi, zenye injini ndogo ya pistoni au ya rota. Banshee ya Uingereza, iliyoanza kuruka mwaka 1983, ndiyo inayojulikana zaidi. Si jeti, lakini naiweka humu kwa sababu atakayelinganisha jeti bila kuitazama atanunua jeti asizozihitaji.

Juu yake zipo jeti ndogo, zenye turbini moja au mbili ambazo fundi mmoja anaweza kuibeba kila moja kwa mikono yake. Hapa zimo Banshee za jeti (Jet 40 na Jet 80), Abhyas ya India iliyojaribiwa Chandipur, na baadhi ya ndege za familia ya Do-DT ya Airbus. Kwa jumla huruka kati ya mita 150 na 200 kwa sekunde. Urusi imewahi kufuata njia yake kwa E95, yenye injini ya jeti ya mapigo: haina turbini, kelele yake ni kubwa na joto lake ni kali.

Kisha zinakuja jeti kamili, ambazo kasi yake inakaribia ya sauti. Marekani imetumia BQM-74E, BQM-167A ya jeshi la anga na BQM-177A ya jeshi la majini. Italia ina Mirach 100/5. Afrika Kusini ina Skua, iliyotengenezwa na Denel. Kabla ya hizi ilikuwapo Firebee ya kampuni ya Ryan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951 na kutumika kwa miongo mingi baada ya hapo.

Kileleni kuna ndege za kivita zilizostaafu na kugeuzwa ziruke bila rubani. Marekani ilitumia QF-4 hadi mwaka 2016, na sasa inatumia QF-16, ambayo iliruka bila mtu ndani kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2013. Kwa vikosi vingi hili ni jambo la kusoma tu. Linahitaji njia ndefu ya kurukia, eneo kubwa mno la anga lililofungwa, na ndege za kivita za ziada. Thamani yake iko kwenye majaribio ya silaha, pale mtengenezaji wa kombora anapotaka kujua kichwa chake kitachagua sehemu gani ya ndege kubwa yenye umbo halisi, joto halisi na vifaa halisi vya kujikinga. Askari anayejifunza kazi yake hahitaji kiasi hicho.

Kwa hiyo ushindani halisi uko kati ya jeti ndogo na jeti kamili, huku pangaboi ikisubiri pembeni.

Sekunde ambazo kikosi kinapewa

Tuchukue rada iliyoinuliwa mita 4 kutoka ardhini, mbele yake pakiwa tambarare au bahari. Kwa sababu ya mviringo wa dunia, kitu kinachoruka kwenye kimo cha mita 5 kitaanza kuonekana kikiwa umbali wa kilomita 17 na nusu hivi. Ndege ya pangaboi inayokwenda mita 70 kwa sekunde itachukua zaidi ya dakika nne kufika. Jeti ndogo ya mita 200 kwa sekunde itatumia sekunde 87 au 88. Jeti kamili ya mara 0.9 ya kasi ya sauti itatumia sekunde 57. Ndani ya muda huo kikosi kinapaswa kuiona, kuitambua kwamba ni adui, kupata amri, kufyatua, na kombora lisafiri hadi likutane nayo mbali vya kutosha. Tofauti kati ya dakika nne na sekunde 57 ni tofauti kati ya mkuu wa kikosi anayeuliza maswali mawili matatu kwa redio na yule anayelazimika kuwa ameshaamua.

Hadi hapo jeti kamili inaonekana kushinda. Lakini badilisha kimo. Kitu kile kile kikiruka mita 50 juu, rada ile ile itakiona kikiwa kilomita 37. Jeti kamili itachukua takribani sekunde 120 kufika kutoka hapo. Yaani jeti ndogo inayoweza kuteleza mita 5 juu ya maji inakipa kikosi muda mfupi kuliko jeti kamili inayolazimika kubaki mita 50. Kimo cha chini kabisa ambacho ndege inaweza kukishika bila kujigonga ni swali zito kuliko kasi yake ya juu kabisa, na ajabu ni kwamba kwenye vipeperushi vingi huwa kimeandikwa kwa herufi ndogo mwishoni.

Ndiyo maana BQM-74E na BQM-177A, zilizotengenezwa kufanana na makombora ya kushambulia meli, zimepewa uwezo wa kushuka hadi mita 2 hivi juu ya bahari. BQM-167A, ambayo kazi yake kubwa ni kuwa shabaha ya makombora ya ndege za kivita, kimo chake cha chini rasmi ni mita 15, na cha juu kinazidi kilomita 15. Zote tatu ni jeti kamili, zote zinakaribia kasi ya sauti, lakini kwa meli ya kivita hazifanani hata kidogo. Ukiuziwa jeti kwa ajili ya mazoezi ya meli, uliza kama ina rada ya kupimia kimo, na omba kuona rekodi ya safari iliyorukwa kwenye mawimbi, si kwenye bahari tulivu ya asubuhi.

Kwa mazoezi ya nchi kavu hali ni nyingine. Kwenye milima na miti, ndege yoyote ya aina hii inarushwa juu zaidi kwa usalama, na faida ya kushuka chini inapungua. Hapo jeti ndogo inatosha mara nyingi.

Upo pia upande ambao jeti zote zinapitwa. Tangu mwaka 2022 vita vya Ukraine vimejaza anga droni za Shahed-136, ambazo hutumia pangaboi na kwenda takribani kilomita 185 kwa saa. Kikosi ambacho adui wake ni huyo kikifanya mazoezi kwa jeti tu kitazoea kutafuta kitu cha mbio, na rada yake inaweza kuwa imepangwa kuvichuja vitu vya polepole kama ndege wa porini. Kwa kikosi hicho, Banshee ya pangaboi ina ukweli zaidi kuliko BQM-177A. Kinyume chake, kombora la kruzi, yaani linaloruka kama ndege hadi kwenye lengo, kama Tomahawk huruka karibu kilomita 880 kwa saa, ambazo ni mita 245 hivi kwa sekunde. Jeti ndogo ya mita 200 inalikaribia lakini hailifikii. Ikiwa zoezi ni la kuwapa askari uzoefu, upungufu huo unavumilika. Ikiwa ni la kuthibitisha kwamba mfumo mpya unafanya kazi, hauvumiliki, lete jeti kamili.

Mwangwi wa rada

Ndege shabaha za kisasa nyingi ni za nyuzi za kaboni au za kioo, nyembamba, na mwangwi wake wa asili kwenye rada ni mdogo mno kuliko wa ndege ya kivita. Dawa ya kawaida ni lenzi ya Luneberg, tufe la tabaka za plastiki linalokusanya mawimbi ya rada na kuyarudisha yalikotoka. Linafungwa puani au mkiani, halihitaji umeme, wala halina cha kuharibika.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi asipouliza ataumia. Lenzi yenye kipenyo cha sentimita 19, kwa rada yenye mawimbi ya sentimita 3, inatoa mwangwi kama wa kitu chenye eneo la mita za mraba 10 au zaidi kidogo. Hiyo ni ndege ya kivita ya kutosha. Lenzi hiyo hiyo mbele ya rada ya mawimbi ya sentimita 10 inatoa mita moja ya mraba tu, kwa sababu mwangwi hupungua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Vikosi vingi vina rada mbili: moja ya kupekua anga kwa mawimbi marefu, nyingine ya kuongozea kombora kwa mawimbi mafupi. Rada ya kupekua itaona kitu kidogo, ya kuongozea itaona kitu kikubwa, na askari watachanganyikiwa kwa jambo ambalo vitani halitatokea. Kabla ya kulinganisha ndege kwa ndege, mwambie muuzaji masafa ya rada zako zote na umwombe namba ya mwangwi kwa kila moja.

Jeti kamili zinaanza kupata ushindi wa haki hapa. Zina nafasi na umeme wa kubeba vikuza mwangwi vinavyotumia umeme, vifaa vya kuvuruga rada, na vifurushi vya vipande vya karatasi ya metali. Jeti ndogo inabeba kilo chache tu; ukiongeza mzigo unakata mafuta. Turbini ndogo yenye msukumo wa kilo 40 inakunywa zaidi ya lita moja ya mafuta kwa dakika ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na ikiwa ziko mbili, kila kilo ya vifaa ni sekunde zilizoondolewa kwenye zoezi.

Joto

Kwa makombora ya begani yanayofuata joto, injini ya jeti yenyewe ndiyo somo. Gesi zinazotoka kwenye turbini ndogo zina joto la mamia ya sentigredi, zinaonekana vizuri kutoka nyuma na kwa shida kutoka mbele, jinsi ndege halisi inavyoonekana. Mpigaji anajifunza kusubiri pembe. Ndege ya pangaboi haimfundishi hilo. Inabidi ifungwe fataki za joto, na fataki inang'aa pande zote, kwa hiyo mpigaji anazawadiwa hata akikosea.

Kwa kazi hii moja, jeti ndogo ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Kombora la begani ni la umbali mfupi, mpigaji anaiona ndege kwa macho, na jeti kamili ni matumizi mabaya ya fedha.

Kuna wanaochagua njia ya tatu, ya kuvuta shabaha kwa kamba ndefu nyuma ya ndege. Lakshya ya India ilitengenezwa hasa kwa kazi hiyo, na BQM-167A inaweza kuifanya pia. Kombora linaifuata shabaha inayovutwa, ndege inarudi salama. Ni nafuu kwa idadi ya risasi na makombora, hasa kwa mizinga. Lakini ndege inayovuta haiwezi kukata kona kali wala kushuka karibu na maji, kwa hiyo zoezi linakuwa la mstari ulionyooka. Kwa askari wapya ni sawa kabisa.

Kurusha na kuokota

Jeti ndogo inarushwa kwa manati ya hewa iliyobanwa au kwa roketi ndogo ya kusukumia. Manati ni bora kwa mahali pasipo na ghala la baruti. Roketi inahitaji kibali, stoo maalumu na watu waliofunzwa kuishika. Jeti kamili zinazorushwa kutoka ardhini kwa kawaida zinategemea roketi, kwa sababu ni nzito. Wanaopanga bajeti mara nyingi huhesabu bei ya ndege na kuisahau roketi, ambayo inatumika mara moja na kutupwa.

Mwishoni zote mbili hufungua parashuti, na kama uwanja uko pwani zitaangukia baharini. Mashua inafika, mzamiaji anakata kamba za parashuti kwanza ili isiwavute au kuinasa propela ya mashua, ndege inainuliwa mkia ukiwa chini ili maji yamwagike kupitia bomba la injini. Kuanzia hapo chumvi inakula. Injini inapaswa kusafishwa kwa maji yasiyo ya chumvi saa hiyo hiyo, kisha ipigwe mafuta ya kuzuia kutu na kuzungushwa. Kwenye turbini nyingi ndogo, bearingi hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya mafuta yenyewe, kwa hiyo mfumo ni rahisi na fundi wa kawaida anaumudu. Injini ya jeti kamili, kama TRI 60 iliyomo kwenye BQM-167A na Mirach 100/5, ni mashine ya daraja jingine, inayotaka karakana na vipuri vya kiwandani. Kama karakana iko mbali na uwanja, ndege iliyookotwa vizuri inaweza kukaa miezi bila kuruka tena. Rahisi ghali, ndiyo, lakini ghali isiyotengenezeka ni ghali mara mbili.

Usalama

Hapa siwezi kupita haraka. Tarehe 16 Novemba 2013, nje ya pwani ya California, BQM-74E iliigonga meli ya kivita USS Chancellorsville wakati wa zoezi, na mabaharia wawili wakapata majeraha madogo ya moto. Mwaka 1983 meli USS Antrim iligongwa na mabaki ya ndege shabaha ambayo mizinga yake ilikuwa imekwisha kuipiga. Yalidunda juu ya maji, yakaifikia, na mkufunzi mmoja wa kiraia akafa. Na tarehe 4 Oktoba 2001 kombora la S-200 lililofyatuliwa katika mazoezi ya Ukraine huko Crimea liliangusha ndege ya abiria ya Tu-154 juu ya Bahari Nyeusi. Watu 78 walikufa. Wachunguzi walihitimisha kwamba kombora hilo lilikosa ndege shabaha iliyokusudiwa na kwenda kuikuta ya abiria.

Matukio haya matatu yanaingia moja kwa moja kwenye ulinganisho. Jeti kamili yenye uzito wa kilo mamia, ikija kwa mita 300 kwa sekunde, inabeba nishati ambayo mabaki yake yataendelea nayo hata baada ya kupigwa. Jeti ndogo ina sehemu ndogo tu ya nishati hiyo. Kwa meli inayojifunza, mimi ningetaka jeti kamili zipite kando, zisielekezwe kwenye meli yenyewe, na zile za kuja uso kwa uso ziwe ndogo. Uliza pia ndege inafanya nini ikipoteza mawasiliano na kituo cha ardhini: inapanda na kuzunguka, inazima injini na kufungua parashuti, au inaendelea na safari? Jibu lipatikane kwa maandishi. Na uliza kama mfumo wa kuikatisha safari una redio na betri yake yenyewe, au unategemea redio na betri za ndege zilizokwisha kufa.

Eneo nalo linaamua. Uwanja wa Overberg huko Afrika Kusini, Salto di Quirra huko Sardinia au ule wa Hebrides huko Scotland una bahari kubwa mbele yake. Mwenye uwanja mdogo hana haki ya kuchagua jeti kamili, hata akiwa na fedha.

Nani alipata alama

Kifaa kinachosahaulika kuliko vyote ni kile kinachopima kombora au risasi ilipita umbali gani kutoka kwenye ndege. Vipo vya sauti, vinavyofaa kwa risasi za mizinga kwa sababu hushika mshindo wa risasi inayopita, na vipo vya rada ndogo, vinavyofaa kwa makombora. Bila hicho, ndege isipoanguka hakuna anayejua kama kombora lilipita mita 3 au mita 300, na mpigaji anarudi nyumbani na kisingizio. Kati ya jeti ndogo yenye kipimo hicho na jeti kamili isiyo nacho, chukua ndogo. Sioni hoja ya kunibadilisha hapo.

Kununua au kukodi

Uingereza iliamua mwaka 2006 kuipa kampuni ya QinetiQ mkataba wa muda mrefu wa kuendesha ndege shabaha zote, za pangaboi na za jeti, badala ya jeshi kuzimiliki. Kwa nchi zinazofyatua makombora wiki chache tu kwa mwaka, hoja ya kukodi ina nguvu: ndege, manati, mashua na mafundi vinakuja pamoja na kuondoka pamoja. Mwenye vikosi vingi vinavyopiga mwaka mzima atanunua jeti ndogo zake mwenyewe na kukodi jeti kamili kwa majaribio makubwa. Anayenunua jeti ya masafa marefu kutoka nje ajue pia kwamba ndege ya aina hii inaweza kuangukia chini ya masharti ya nchi zinazodhibiti biashara ya teknolojia ya makombora, hasa ikiwa inaweza kuruka kilomita 300 au zaidi, na kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko kutengeneza ndege yenyewe.

Kwenye mkataba wa kukodi, kifungu cha kukisoma mara ya pili ni cha ndege iliyopotea. Ikitunguliwa na kikosi, mteja analipa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ikizama kwa sababu parashuti haikufunguka, au injini ikizima angani kabla ya kufika kwenye mstari wa kufyatulia, gharama iwe ya mwenye ndege, na safari hiyo irudiwe siku ile ile kwa ndege ya akiba iliyokwisha kuwekwa kwenye manati.